Kabla ya kuuliza rangi ya grauti, tafuta herufi W kwenye mfuko

Ujumbe ninaoupokea kuliko mwingine wowote tangu nianze kuandika habari za nyumba ni huu: "Dada, mistari ya bafuni kwangu ilikuwa myeupe, sasa imekuwa myeusi na haitakati hata nikisugua. Nimeuziwa grauti feki?" Unatoka Tabata, unatoka Mbezi, unatoka Mwanza, na Mombasa pia. Picha zinafanana. Marumaru zinang'aa, unaona kabisa mtu ametoa hela yake, lakini katikati yake mistari ya chini, karibu na tundu la kutolea maji, imegeuka rangi ya chai ya rangi. Ya juu ukutani bado myeupe kama siku ya kwanza.

Mara nyingi grauti hiyo, yaani kile kinachojazwa kwenye mistari kati ya marumaru, si feki. Ni grauti inayokunywa maji, na mnunuzi hakuambiwa na mtu yeyote kwamba kuna inayokunywa na isiyokunywa. Alichoulizwa dukani ni kimoja tu: "Unataka nyeupe au ya kijivu?"

Rangi basi tuiweke kando. Ukichagua kijivu kilichokaribiana na marumaru yako hutajuta, na sina zaidi ya hapo. Ninachotaka ukitazame ni maandishi madogo nyuma ya mfuko au ubavuni. Grauti iliyopimwa kwa kiwango cha Ulaya cha EN 13888 huandikwa daraja lake: CG1, CG2, CG2W, CG2WA, au RG. CG ni grauti ya saruji, 1 ya kawaida na 2 iliyoboreshwa; RG ni ya epoksi, gundi ya kemikali isiyotumia saruji. A ni ya kustahimili msuguano, yaani viatu, mchanga na ufagio. W ndiyo ya maji, na ndiyo ninayoigombea kila siku. Kwenye kipimo hicho, kipande cha grauti yenye W hakiruhusiwi kunywa zaidi ya gramu 2 za maji kwa dakika 30, wala zaidi ya gramu 5 kwa dakika 240. Ile ya CG1 ya kawaida inaruhusiwa gramu 5 na gramu 10, yaani maradufu au zaidi. Epoksi inatakiwa isizidi gramu 0.1 kwa hizo dakika 240. Tofauti hiyo ndiyo unayoiona bafuni mwaka wa pili.

Maji hayaingii peke yake. Yanaingia na sabuni, mafuta ya mwili, vumbi jekundu la miguuni, na kutu kama bomba lako ni la zamani. Yakikauka yanaacha vyote humo ndani, ukungu nao unapata chakula na unyevu. Ndiyo maana ukisugua juu hapatakati: uchafu haupo juu.

Unaweza kujipimia mwenyewe. Nenda bafuni kwako pakiwa pakavu kabisa, dondosha tone moja la maji juu ya mstari, usilifute, litazame. Kwenye grauti nzuri tone linakaa limetuna vilevile, na ukilipangusa mstari una rangi ileile. Kwenye saruji nyeupe ya kawaida tone linabonyea, linatambaa pembeni kufuata mstari, na mara linakuwa doa jeusi tu, maji hayaonekani yalikokwenda. Kama bado hujanunua, nunua pakiti ndogo, koroga kijiko kimoja au viwili, jaza kizibo cha soda, kiache kivulini wiki nzima ndipo ukidondoshee. Fundi atakwambia unapoteza muda. Kung'oa mistari ya bafu zima kwa grainda ndiko kupoteza muda, na hapo utavunja na marumaru kadhaa.

Jambo moja niliseme wazi ili nisieleweke vibaya: grauti, hata iwe nzuri vipi, si kizuizi cha maji cha bafu. Kizuizi kinapakwa chini, kabla ya gundi na marumaru. Kama maji yanavuja dari ya chini, usinunue grauti mpya ukadhani umemaliza.

Upana wa mstari

Hapa ndipo ninapogombana na mafundi. Mteja anataka mistari isionekane, fundi anataka kumfurahisha, basi marumaru zinabanwa hadi zinagusana. Halafu grauti inapakwa juu juu kama poda, haina pa kuingia, na baada ya miezi inabanduka vipandevipande. Maji sasa yana mfereji wa kupita, na hapo hata W haikusaidii.

Marumaru husinyaa zikichomwa tanurini, na hazisinyai sawasawa. Hata za katoni moja unaweza kukuta hii imeizidi ile. Mwongozo wa Marekani wa ANSI A108.02 una kanuni ambayo kila mtu anaweza kuitumia sebuleni kwake: upana wa mstari usipungue mara tatu ya tofauti ya vipimo vya marumaru zenyewe, na hata zingekuwa sawa kiasi gani usishuke chini ya milimita 1.6. Toa marumaru kutoka katoni tofauti, zipime kwa tepu ukingo kwa ukingo. Ukikuta kubwa imeizidi ndogo kwa milimita 1, mstari wako ni milimita 3 kwenda juu. Ukibana hadi 1, utaanza vizuri mlangoni, ukifika dirishani mistari imepinda na fundi anaanza kuikatakata marumaru ili ipatane.

Mimi kwa nyumba nyingi za kwetu nasema milimita 3 sakafuni, 2 hadi 3 ukutani. Zile ambazo kiwandani zimesawazishwa kingo kwa mashine baada ya kuchomwa, ambazo pembe yake ni kali ukipitisha kidole, 2 inatosha. Nje, kwenye baraza na ngazi zinazopigwa na jua, nenda 5, na kila baada ya mita kama 3 acha mstari mmoja ujazwe silikoni badala ya grauti, kwa sababu sakafu ya juani inatanuka mchana na kunywea usiku. Pembe za ukuta kwa ukuta na ukuta kwa sakafu pia ni silikoni. Grauti pembeni itapasuka, si swali la kama bali la lini.

Na ulipie misalaba ya plastiki. Kuna mafundi wanatumia njiti za kiberiti au vipande vya katoni, halafu mteja anashangaa mistari haifanani.

Ninavyozipanga

Ya kwanza kwangu ni Ultracolor Plus ya Mapei, na sifichi kwamba naipendelea. Mapei ni kampuni ya Milano, Italia, ilianza mwaka 1937, na grauti hii ina daraja la CG2WA, W yake na A yake. Inajaza mstari wa milimita 2 hadi 20, kwa hiyo mfuko uleule unatumika ukutani na kwenye baraza. Tone la maji linakaa juu yake. Imetengenezwa pia isitoe ule unga mweupe wa chumvi unaojitokeza juu ya mistari ya rangi za giza, tatizo ambalo watu wa Pwani tunalijua sana, hasa fundi akikorogea maji ya kisima yenye chumvi. Korogea maji safi hata kwa grauti hii. Na usikubali fundi akisie maji kwa jicho: kilo 5 zinataka lita 1 na kidogo tu, kiasi kamili kiko kwenye mfuko. Maji yakizidi, yanapokauka yanaacha vitundu vidogo, na W uliyoilipia imekwisha kwenye ndoo.

Ya pili ni epoksi, kama Kerapoxy ya kampuni hiyohiyo. Kwa kunywa maji hakuna inayoifikia, na asidi za kawaida za usafi haziiogopeshi. Sababu ya kuiweka ya pili ni mikono. Ni vitu viwili vinachanganywa, na kwenye joto la nyuzi 23 una kama dakika 45 za kufanya kazi. Dar es Salaam mwezi wa Februari ni joto gani? Fundi ambaye hajawahi kuishika atachanganya yote kwa pamoja, atapaka, atakwenda kunywa chai, na akirudi marumaru zako zina utando mgumu unaonata ambao sponji haiutoi tena. Ile nyeupe ikipigwa na jua inageuka manjano, kwa hiyo si ya nje. Ila kwa sakafu ya bafu la kuoga na meza ya jikoni inayomwagikiwa ndimu na mafuta, ukipata fundi anayeijua, iweke hapo tu na kwingine kote tumia ya kwanza.

Ya tatu ni Keracolor FF, bado Mapei, bado CG2WA, kwa mistari isiyozidi milimita 6. Ni nafuu kuliko Ultracolor Plus na kwa ukuta wa jiko au sebule sioni haja ya kupanda zaidi. Kwa mistari mipana kuna ndugu yake, Keracolor GG, ya milimita 4 hadi 15, yenye chembe kubwa zaidi. Chembe hizo ndizo zinazozuia mstari mpana usipasuke ukikauka. Sika ya Uswisi nayo inatengeneza grauti za marumaru, na ukikuta mfuko wake wenye CG2WA, chukua bila wasiwasi.

Grauti za bei ya chini zenye jina usilolijua: zikiwa na daraja limeandikwa na tarehe inasomeka, jaribu kizibo cha soda. Zisipokuwa nalo, ukutani tu, mbali na maji.

Saruji nyeupe iliyotiwa rangi si grauti. Iacheni.

Kuhusu bei, na kuhusu wauzaji

Najua mtakachosema, kwamba hizo ni ghali. Tupige hesabu kwanza. Jumlisha urefu na upana wa marumaru, gawa kwa urefu mara upana, zidisha kwa unene, zidisha kwa upana wa mstari, zidisha kwa 1.6, vipimo vyote kwa milimita, jibu ni kilo kwa mita moja ya mraba. Marumaru za 600 kwa 600, unene 10, mstari 3: jibu ni gramu 160 kwa mita ya mraba. Sebule ya mita za mraba 40 inataka kilo 6.4. Pakiti mbili za kilo 5 na unabakiwa! Mtu amenunua marumaru za sebule nzima, amelipa gundi, amelipa fundi, amelipa bodaboda na kirikuu, halafu anabania kilo 6 za kitu ambacho ndicho kitakachoonekana kimechakaa kwanza.

Kinachonikera zaidi ni duka lenyewe. Wauzaji wengi wanafungua mfuko mkubwa na kupima kwa kilo kwenye vifuko vya plastiki vilivyo wazi. Hakuna jina, hakuna daraja, hakuna tarehe. Unga wa grauti unavuta unyevu wa hewani, na hewa ya Pwani ina unyevu mwingi. Kifuko kikikaa rafu ya juu kuanzia masika, ndani yake kuna madonge. Fundi anayavunja kwa mwiko, anaongeza maji, kazi inaendelea. Ukimwuliza muuzaji ni aina gani, anajibu, "Dada, zote ni sawa, hii watu wengi wanachukua." Mimi nimesimama kwenye kaunta Kariakoo nikaomba nioneshwe mfuko uliotolewa unga ule, nikaambiwa umeshatupwa. Duka la pili kutoka hapo, unga wa rangi ileile, kifuko kilekile, bei nyingine kabisa. Bei inategemea umeshuka na gari au umekuja na fundi.

Wale wale ndio wanaokuuzia asidi ya "kutakasia" siku mistari ikichafuka. Asidi inakula saruji. Mara ya kwanza mistari inatakata na unafurahi, kwa sababu imelika tabaka la juu. Chini yake pamekuwa na vitundu zaidi, na panakunywa kuliko mwanzo. Dawa nyingi kali za kusafishia choo zina asidi hiyohiyo, kwa hiyo usizimwage sakafuni. Sabuni ya maji, brashi ya nailoni na maji ya vuguvugu vinatosha kama grauti yako ina W.

Kwa hiyo dukani omba mfuko uliofungwa, wa kiwandani, ukiwa na maandishi yote. Bonyeza pembe zake kwa vidole: pakiwa pagumu, urudishe. Nunua yote kwa siku moja na hakikisha namba ya toleo ni ileile kwenye kila pakiti, maana kijivu cha toleo hili na lile vinaweza kupishana ukaona katikati ya chumba. Risiti ya EFD iandikwe jina kamili la bidhaa, si "grauti kilo 5" peke yake, kwa sababu bila jina huna cha kudai. Itakayobaki itie kwenye chupa kavu yenye mfuniko unaokaza, ukate kipande cha mfuko chenye namba ya toleo ukibandike juu yake.