Kifurushi cha mbizi mbili na vifaa vya kukodi: kinafaa kwa safari fupi?

Karibu kila kituo cha uzamiaji kinauza kitu kilekile: boti ya asubuhi, mbizi mbili, kiongozi, mitungi, vizito, na vifaa vya kukodi kwa asiye na vyake. Kwa mtu mwenye siku tatu au nne kwenye pwani asiyoijua, tunakipendekeza kifurushi hiki, ila si chote. Jaketi ya kuelea, mtungi na vizito, kodi. Regulata, yaani kifaa cha kupumulia kinachounganishwa na mtungi, kodi ukishaikagua. Miwani, kompyuta ya kuzamia na boya la kujionyesha, beba vyako.

Kituo kizuri hujulikana kabla hujalipa. Kitauliza cheti chako ni cha kina gani na mara ya mwisho ulizama lini, kisha kitakutumia fomu ya afya mapema. Ijaze ukiwa bado nyumbani. "Ndiyo" moja kwenye maswali ya pumu, moyo au upasuaji inaweza kudai sahihi ya daktari, na kumsaka daktari boti ikiwa imeshawashwa ni kuipoteza siku. Kituo kinachompeleka mwenye cheti cha mita 18 hadi mita 30 bila hata kumuuliza, kiache, hata kama boti yake ni mpya.

Regulata ndiyo ya kukaguliwa kwa ukali kuliko vyote. Sogeza kinga za mipira na uipinde mipira taratibu pale inapoingia kwenye chuma. Nyufa huanzia hapo. Mtungi ukiwa umefungwa, vuta pumzi: hewa isipite hata kidogo. Ikipita, kuna tundu, mara nyingi kwenye kile kipande cha mdomoni kilichotafunwa na wakodishaji waliotangulia, na panapopita hewa maji nayo yatapita. Sasa fungua mtungi, vuta pumzi nne tano macho yakiwa kwenye geji. Mshale ukitulia, ni salama. Ukishuka kila unapovuta na kupanda tena, valvu ya mtungi haijafunguka vizuri au chujio la regulata limeziba. Ufukweni hutasikia tofauti. Kwenye mita 25, ambako kila pumzi hubeba hewa mara tatu na nusu ya ile ya juu, utaisikia vibaya.

Jaketi ya kuelea ijaze mpaka valvu ya usalama iteme, kisha iache dakika kumi uone kama inanywea. Bonyeza kitufe cha kujaza mara kadhaa na uhakikishe kinarudi chenyewe. Chumvi iliyoganda ndani hukifanya kinate, jaketi ikaendelea kujaa bila kuguswa na kukurusha juu kwa kasi kuliko mita 9 kwa dakika unazotakiwa kupanda.

Vizito huwasumbua hata wazoefu. Mtungi utakaopewa huenda ukawa wa alumini, wa lita 11 hivi. Ukijaa huzama, ukikaribia kuisha huelea, kwa sababu hewa ya ndani peke yake ina uzito wa kilo mbili na nusu hivi. Aliyezoea mtungi wa chuma ataongeza kilo mbili au zaidi, la sivyo atashindwa kutulia mita 5 kwa dakika tatu za kusimama mwishoni. Kipimo cha kweli fanya mwisho wa mbizi ya kwanza, mtungi ukiwa na baa 50 (baa ni kipimo cha shinikizo), ndiyo maana mbizi hiyo inapaswa kuwa ya kina kifupi. Kiongozi anayeanza na ukuta wa mita 30 siku ya kwanza anaharakisha.

Hewa yenyewe inuse. Ikiwa na harufu ya mafuta au moshi, rudisha mtungi bila aibu. Monoksidi ya kaboni, gesi ya sumu, haina harufu, lakini kompresa inayovuta moshi wa injini huingiza vyote pamoja, kwa hiyo tazama mdomo wa bomba lake umeelekea wapi. Ukichukua naitroksi, yaani hewa iliyoongezwa oksijeni, pima mwenyewe kwa kipimo chao na uandike kwenye mtungi: yenye oksijeni asilimia 32 isivuke mita 33, ya asilimia 36 isivuke mita 28.

Kompyuta ya kukodi hatuipendi kabisa. Kama mtu mwingine aliivaa asubuhi, inahesabu nitrojeni iliyobaki mwilini mwake, si mwako. Ukibadilishiwa nyingine kesho, haina habari na mbizi zako za leo. Ukilazimika kuikodi, chukua moja na ubaki nayo mpaka safari iishe.

Kwenye boti, omba uonyeshwe oksijeni ya dharura, kisha piga hesabu. Mtungi wa lita 2 wenye baa 200 una lita 400. Kwa mtiririko wa lita 15 kwa dakika, unaisha ndani ya dakika 27. Kama bandari iko mwendo wa saa moja, hautoshi. Wa lita 5 unafika. Uliza pia chumba cha shinikizo cha karibu, kinachotibu wazamiaji, kiko wapi. Halafu sikiliza wanavyohesabu watu: waite majina, wasihesabu vichwa tu. Mwaka 1998, Tom na Eileen Lonergan waliachwa kwenye Great Barrier Reef huko Australia baada ya hesabu ya boti kukosewa, na hawakupatikana tena.

Tarehe chagua kwa kutazama mwezi. Pale ambapo kupwa na kujaa ni kukubwa, bamvua la mwezi mpevu na la mwezi mwandamo huleta mikondo mikali na mara nyingi maji machafu. Mgeni anafaidi zaidi maji mafu, yale yanayopwa na kujaa kidogo. Kituo kinachoondoka saa ileile kila siku bila kujali maji yatasimama saa ngapi kinafuata saa ya ofisi.

Vifurushi vingi vya siku tatu hujaza mbizi hata siku ya kuondoka. Baada ya siku kadhaa za kuzama, DAN (Divers Alert Network, shirika la usalama wa wazamiaji) hushauri kusubiri angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege. Ndege ikiwa ya saa nne asubuhi, mbizi ya mwisho iwe imeisha saa kumi jioni ya jana yake, kwa hiyo omba mbizi za siku ya kuondoka ziondolewe kwenye bei kabla ya kusaini.