Kashfa ya Watergate na Kombania ya Easy: Uzoefu Wangu

Nimezitazama kwa kufuatana: All the President's Men, filamu ya 1976 kuhusu Watergate, kashfa ya kisiasa iliyomng'oa Rais Nixon wa Marekani, kisha Band of Brothers, tamthilia ya 2001 yenye vipindi 10 kuhusu Kombania ya Easy, kikosi cha askari wa miamvuli wa Marekani katika Vita Vikuu vya Pili. Pesa yangu haikupotea, ingawa kwenye nakala ya filamu niliyokodi maandishi yalikuwa yanachelewa kuliko sauti.

Nixon mwenyewe hutamuona ila kwenye televisheni. Kilichoninasa ni waandishi wawili wa gazeti la Washington Post wanaoifukua kashfa hiyo. Bernstein (Dustin Hoffman) anachukua kurasa za Woodward (Robert Redford) na kuziandika upya bila hata kumuuliza. Woodward anafura, anasoma, anakubali kwamba zimekuwa bora, kisha anamkabidhi na maelezo yake yote. Urafiki umeanza hapo, shingo upande, wala hakuna anayeutangaza. Kinachofuata ni simu na milango kufungwa usoni. Mazungumzo mamoja ya simu ya Redford yamepigwa bila kukata kamera, kama dakika 6 hivi, akifuatilia hundi ya fedha za kampeni. Chai yangu ilipoa. Mwenzangu, mzoefu wa sinema za kusimuliwa na DJ, alikuwa keshalala.

Kwenye tamthilia ndiye aliyenikatalia kuzima. Vijana wa Kombania ya Easy wanaunganishwa kwanza na chuki: Kapteni Sobel (David Schwimmer) anawaonea mazoezini mpaka masajenti wanaamua kuvirudisha vyeo vyao. Lakini kipindi ninachokipenda ni kile cha Bastogne, mji wa Ubelgiji, kwenye theluji ya Desemba 1944. Kinamfuata Roe, mganga wa kikosi, akipita shimo hadi shimo kuomba mkasi, bandeji, mofini. Mizinga inalia, yeye anaulizia mkasi! Sijaona undugu wa vitani ukionyeshwa vizuri kuliko hivyo.

Kasoro zipo. Chini ya kofia za chuma nyuso zinafanana, na vipindi viwili vya mwanzo nilikuwa nawachanganya. Filamu nayo inakumwagia majina ya maofisa bila huruma, halafu Nixon kujiuzulu Agosti 1974 unakusoma kwenye mashine ya kuchapa habari tu.

Tamthilia naipa nyota 5, filamu 4. Filamu usiitazame kwenye simu: Woodward anakutana na mtoa siri wake kwenye maegesho ya chini ya ardhi yenye giza, na kioo kidogo hakitakuonyesha kitu.