Darasa la jioni la statiki Wandegeya: boriti zinaeleweka, msuguano unapwaya

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uhandisi ambaye chuoni statiki, yaani elimu ya kani (nguvu) katika vitu vilivyotulia, imempita mbio atapata msaada wa kweli katika darasa la jioni linaloendeshwa ghorofani hapa Wandegeya, Kampala, jirani na Chuo Kikuu cha Makerere, ingawa si kila mada inapewa muda unaostahili. Nimelihudhuria muhula mzima.

Ubora wake umo katika michoro. Mwalimu hamruhusu mtu kuandika mlinganyo wowote kabla hajakichora kitu kikiwa peke yake, akaondoa mihimili yote inayokishikilia na kuweka mahali pake kani zinazotokana nayo: pini, inayozuia kusogea upande wowote, huleta kani mbili, rola, inayoruhusu kuteleza kwa mlalo, moja, na ncha ya boriti iliyojengewa ukutani huleta kani mbili pamoja na momenti, yaani msukumo wa kuzungusha. Kwa kuwa milinganyo huru ya msawazo (hali ya kutulia) wa mwili mmoja katika bapa, yaani kwenye mchoro wa pande mbili, ni mitatu tu, mtu huweza kuhesabu visivyojulikana na kuona kama swali linajibika hata kabla ya kugusa kikokotoo.

Kipindi kilichonifaa zaidi kilihusu boriti ya mita 6 ambayo uzito wake ulipuuzwa, yenye pini mwanzoni, rola mita 4 kutoka hapo, na mzigo wa kilonyutoni 10 kwenye ncha iliyotokeza. Ukichukua momenti kwenye pini, rola inabeba kilonyutoni 15, na pini inapata hasi 5. Wengi walianza kufuta kazi zao. Mwalimu akawazuia, akaeleza kwamba hasi hiyo ni jibu halali: pini inaivuta boriti chini ili isinyanyuke, na ndiyo sababu pale mwanzoni rola ya kawaida isingefaa, kwani yenyewe husukuma tu. Maelezo hayo yalikula karibu kipindi chote, na sioni kama muda ulipotea.

Kenchi za paa zinafundishwa vizuri, kiungo kwa kiungo. Mfano wa daraja la Jinja lililofunguliwa mwaka 2018 nao ulisaidia kuonyesha kwamba mvuto wa kebo iliyoinama, pamoja na kulibeba daraja, huikandamiza sakafu yake kwa mlalo.

Kwenye msuguano ndipo darasa linapoanguka. Karatasi tunazouziwa zinaufanya msuguano uwe daima sawa na kizigeu (namba inayoonyesha ukwaruzo wa nyuso mbili) kikizidishwa kwa kani ambayo sakafu hulisukumia sanduku juu, ilhali hicho ni kikomo tu. Sanduku la nyutoni 100 lililotulia kwenye sakafu tambarare yenye kizigeu 0.4, likisukumwa kwa mlalo kwa nyutoni 20, hupata msuguano wa nyutoni 20, si 40. Tuliuliza, tukaambiwa mada imekwisha.

Ada hulipwa mapema na hairudishwi. Chumba hujaa, kwa hiyo anayechelewa huandikia magotini mlangoni, asikoona nusu ya ubao.