Casio F-91W na saa sita usiku: jinsi ya kuitega na pale inapokosea

Kipimo kizuri cha saa yoyote ya tarakimu ni dakika ile ya saa sita usiku, kwa sababu hapo hugeuka saa, tarehe na jina la siku kwa pamoja, na mwisho wa mwezi hugeuka hata mwezi. Casio F-91W iko sokoni tangu 1989 na bado ndiyo saa ya mkononi ambayo mwanafunzi, mlinzi na dereva wanaimudu. Kwa kazi hiyo ya usiku wa manane inafaulu vizuri sana, ila ina tabia tatu au nne ambazo asiyezijua atailaumu bure.

Tuanze na kioo. Juu kuna herufi mbili za siku kwa Kiingereza (MO ni Jumatatu, FR ni Ijumaa) na namba ya tarehe. Chini kuna saa, dakika na sekunde. Mwezi hauonekani mpaka uingie kwenye kutega, na mwaka haumo kabisa. Ukiwa kwenye mtindo wa saa kumi na mbili, mchana hutokea herufi ndogo PM, lakini usiku wa manane na asubuhi hakutokei herufi yoyote. Kwa hiyo saa sita usiku kioo husoma 12:00 tupu, na saa sita mchana husoma 12:00 yenye PM. Tofauti ya nusu siku nzima inategemea herufi mbili ndogo kuwapo au kutokuwapo.

Hapo ndipo lilipo kosa kubwa kuliko yote, na wa kulaumiwa ni aliyeitega. Mtu anapeleka namba ya saa mbele, anaona 3:15, anaridhika, wala haangalii kama PM ipo. Saa itaonyesha namba sahihi wiki nzima, lakini tarehe itageuka saa sita mchana badala ya usiku. Ukinunua saa iliyokwisha kutegwa dukani, ipime papo hapo: bonyeza kitufe cha kulia mara moja ili iingie mtindo wa saa ishirini na nne. Kama ni saa tisa alasiri lazima isome 15. Ikisoma 3, imetegwa kinyume. Katika mtindo huo huo saa sita usiku husomeka 0:00, haisomeki 24:00, na tarehe unayoiona hapo ni ya siku inayoanza.

Kuitega: kutoka kwenye saa ya kawaida, bonyeza kitufe cha chini kushoto mara tatu. Utapita kengele (AL) na saa ya kupimia muda (ST), kisha sekunde zitaanza kuwakawaka. Kitufe cha juu kushoto, kile cha taa, ndicho kinachokuhamisha: sekunde, saa, dakika, mwezi, tarehe, siku. Kitufe cha kulia huongeza namba, na ukikishikilia hukimbia. Hupeleka mbele tu. Ukiipita namba unayoitaka, zunguka upya. Kwa kuwa haijui mwaka, jina la siku unalipanga mwenyewe.

Sasa lile ambalo maelezo ya kiwandani hayasemi. Watumiaji wengi wa Kiswahili huitega saa hii kwa majira yetu, yaani saa sita usiku isome 6:00. Inawezekana, na mlio wa kila saa unabaki palepale kwa sababu tofauti ni saa sita kamili. Lakini tarehe yake bado itageuka pale itakaposoma 12:00 isiyo na PM, na wewe ndiye unayechagua hiyo iwe jioni au asubuhi. Ukiitega saa tatu usiku, weka 3:00 bila PM. Mchana, saa tatu asubuhi, weka 3:00 yenye PM. Ukifanya hivyo, PM inakuwa alama ya mchana, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, na jina la siku hugeuka saa kumi na mbili jioni. Hapa pwani, ambako magharibi huingia muda si mrefu baada ya hapo mwaka mzima, hesabu hiyo inakaribiana sana na ile ya wazee: Alhamisi jioni kioo kinaonyesha FR, na kweli huo ni usiku wa Ijumaa. Kwa anayefuata siku kwa ajili ya ibada, huu ni mpango mzuri mno kwa saa ya bei hii.

Gharama yake ni kwamba kuanzia jioni hadi saa sita usiku tarehe iko mbele ya ile ya benki, ya ofisi na ya tiketi. Anayejaza daftari la zamu usiku asiitege hivi. Na mtindo wa saa ishirini na nne unakuwa hauna maana tena, maana saa sita mchana itasoma 18:00. Kengele nayo lazima ifuate majira yale yale: daku ya saa kumi usiku ni 10:00 bila PM, wakati kwa majira ya kizungu ingekuwa 4:00 bila PM. Ukiweka PM, itakuamsha saa kumi jioni umeshafunga.

Msafiri aiache kwenye majira ya kizungu, tena mtindo wa saa ishirini na nne. Tiketi ya ndege iliyoandikwa 00:30 tarehe 14 inamtaka abiria uwanjani usiku wa tarehe 13. Magazeti yetu huandika "usiku wa kuamkia tarehe 14" na hakuna anayepotea. Neno "12:00 a.m." ndilo lenye balaa, na ndiyo maana watu wa ratiba na mikataba hupendelea kuandika 23:59 au 00:01. Ukivuka Rusumo kuingia Rwanda, saa inarudi nyuma kwa moja. Ikiwa umevuka saa sita na dakika arobaini usiku, Kigali bado ni 23:40 ya jana. F-91W haina sehemu ya saa ya nchi ya pili, hivyo utazungusha namba ya saa mpaka 23, kisha urekebishe na tarehe na siku kwa mkono. Wengi husahau hayo mawili. Ukienda Oman ni kinyume: unaongeza moja, na kwao saa sita usiku imefika mapema.

Kuhusu sekunde: kiwanda kinaahidi isipotee zaidi ya sekunde 30 kwa mwezi, mbele au nyuma. Hiyo ni nzuri kwa kazi za kila siku, lakini kwa mkesha wa mwaka mpya haitoshi, kwani miezi mitatu bila kuirekebisha inaweza kukuacha dakika moja na nusu pembeni. Na saa sita usiku ni saa ambayo watu huihesabu kwa sekunde. Bendera ya Tanganyika ilipandishwa usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, na ya Kenya usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963, pale Uhuru Gardens, Nairobi. Mataifa yalichagua dakika hiyo kwa sababu ndiyo inayotenganisha tarehe mbili. Basi jioni ya mkesha fungua simu yenye sekunde, fikisha saa yako hadi sekunde ziwakewake, na simu ikigonga 00 bonyeza kitufe cha kulia. Kama saa yako ilikuwa kati ya 00 na 29, inarudi 00 bila kugusa dakika. Kati ya 30 na 59, inaruka dakika moja mbele. Ukimaliza, bonyeza kitufe cha chini kushoto kutoka.

Mlio wa kila saa hulia saa sita usiku kama saa nyingine zote. Hauwezi kuuchagulia mchana tu. Kuuzima, ingia AL na ubonyeze kitufe cha kulia mpaka alama yake ipotee. Kengele yenyewe hulia sekunde 20 na kunyamaza, kwa hiyo mwenye usingizi mzito aiweke karibu na sikio. Taa ndiyo udhaifu wa kweli: ni kijani, inamulika kutoka kushoto, na sekunde upande wa kulia hubaki gizani.

Betri ni CR2016 na hukaa takriban miaka saba. Mfuniko wa nyuma una skrubu nne ndogo. Fundi akiufungua, mwambie aangalie springi ndogo sana inayogusa mfuniko. Ikidondoka, saa itaendelea kutembea lakini haitalia tena, na wengi hudhani imeungua. Baada ya kubadilisha betri, rudia kile kipimo cha mtindo wa saa ishirini na nne kabla hujalipa. Kwa kutambua bandia, shikilia kitufe cha kulia sekunde tatu. Ya kweli huandika CASIo, ingawa wapo waigaji walioiga hata hilo, hivyo tazama pia ubora wa mkanda na maandishi. Maji ya kunawa mikono na mvua haina shida nayo; kuogelea usiivae.

Mwisho, Februari. Saa hii huupa mwezi huo siku 28 tu, kila mwaka. Saa sita usiku wa kuamkia Jumanne tarehe 29 Februari 2028 jina la siku litageuka vizuri, TU, lakini tarehe itaandika 1. Iache hivyo siku hiyo moja, kisha kesho yake, itakapoandika 2, irudishe 1.