Santuri za Bad Religion: anza na Suffer, ila kagua tundu kwanza

Ukisikia waitikiaji wa bendi ya Bad Religion wanayumba kwenye santuri mpya, usiwalaumu waimbaji. Tundu la kati la sahani halikukaa katikati ya mifereji ambamo sindano hupita.

Panki (punk, roki ya kasi na kelele) ya mbio tupu ingelificha kosa hilo. Lakini bendi hii ya Los Angeles, iliyoanza 1980, ilijipatia jina kwa sauti tatu zinazovuta "aaah" ndefu juu ya magitaa, na noti ndefu haifichi kitu. Sahani ya mizunguko 33⅓ kwa dakika huzunguka mara moja kila sekunde 1.8, basi sauti nayo hupanda na kushuka kwa mwendo huohuo. Itazame sindano kwa mbele: ikisogea kushoto na kulia kwa jumla ya milimita 1, tundu limekosewa kwa nusu milimita. Ukingoni sauti hupotoka kwa asilimia 0.3 hivi, kwenye mifereji ya ndani hufika 0.8. Kagua pande zote mbili, maana kila upande hupigwa kwa chapa yake (bamba la chuma linalokandamiza mifereji), na mmoja unaweza kuwa mzima huku mwenzake umeharibika.

Namba moja ni albamu ya Suffer (1988), sina mjadala. Nyimbo 15 kwa dakika 26 hivi: pande fupi namna hiyo hazilazimiki kusogea sana ndani, kosa linakozidi. Ndiyo iliyoipa panki ya California uhai mpya, na Epitaph, kampuni ya rekodi ya mpiga gitaa wao Brett Gurewitz, ikaja kutoa bendi za NOFX, Rancid na The Offspring.

Ya pili ni Against the Grain (1990), nyimbo 17, dakika 34. Hapo tega sikio mwishoni mwa kila upande. Ya tatu ni The Process of Belief (2002), Gurewitz aliporudi baada ya kuondoka 1994. Into the Unknown (1983) imejaa vinanda; waachie wakusanyaji. CD ni rahisi na haiyumbi.

Kinachokera ni wauzaji. Nakala ya rangi wanaipandishia bei, wakati chapa ni ileile ya nyeusi. Halafu wanaandika "mpya kabisa", kana kwamba tundu huharibikia nyumbani kwa mtu na si kiwandani. Omba video ya sindano ikiwa kwenye wimbo wa mwisho, upande wa kwanza na wa pili. Akikataa, tafuta muuzaji mwingine.