Karatasi ya Arches kwa mchoraji wa rangi za maji

Kila jioni, kabla wauza pweza wa Forodhani hawajawasha taa zao, mimi huketi ukingoni mwa bahari na kuchora majahazi na kuta za chokaa za Mji Mkongwe kwa rangi za maji. Kwa miezi kadhaa sasa natumia karatasi ya Arches ya gramu 300 kwa mita ya mraba, ambayo hutengenezwa Ufaransa kwa pamba tupu na kutiwa jelatini, aina ya gundi. Jelatini hiyo huzuia rangi isinywewe papo hapo, hivyo nikilaza samawati ya bahari kando ya wekundu wa mawingu, rangi hizo huingiliana taratibu pasipo kuacha mpaka mkali. Daftari la bei nafuu nililokuwa nalo awali lilijikunja na kutoa vinyweleo nilipopitisha brashi mara ya tatu tu.

Ninachokipenda zaidi ni weupe wa karatasi ya Arches, kwa kuwa ukuta uliopigwa na jua sipaki chochote, naiacha karatasi yenyewe ing'ae. Bei yake ni kubwa, lakini shiti moja huikata vipande vinane, nami huchora pande zote mbili.