Dhahabu ya mama na dhahabu yangu: miezi mitano na programu ya kubashiri bei

Nafanya kazi ya kutoa mizigo bandarini Kilindini. Bei ya dola kwangu ni jambo la kila asubuhi, maana ikipanda shilingi mbili mteja ananipigia simu kabla sijavaa viatu. Kwa hiyo Julai 2023, jamaa mmoja pale ofisini aliponionyesha programu ya simu ya kununua na kuuza dola, dhahabu na mafuta, sikuiona ngeni. Niliona ni kazi yangu ileile, ila faida inakuja kwangu badala ya kwenda kwa mteja. Jina la kampuni silitaji. Nitasema tu kwamba ni ya ng'ambo, na M-Pesa wanapokea.

Kuweka pesa kulichukua dakika chache. Nilianza na shilingi 10,000, nikaongeza kidogo kidogo hadi 60,000. Ilikuwa ada ya shule ya muhula wa kwanza, na nilikuwa na nia ya kuirudisha kabla ya Januari. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo kosa lililozaa mengine yote. Pesa yenye tarehe haiwezi kusubiri bei ikurudie.

Programu yenyewe ni nyepesi na inafanya kazi hata mtandao ukiwa dhaifu. Chati zinasomeka vizuri. Shida yangu kubwa nayo ilikuwa hesabu ambayo sikuielewa hadi iliponiumiza.

Ukinunua dhahabu humo, hupati dhahabu. Unaweka dau juu ya mwendo wa bei yake. Fungu dogo, wanaloliita loti, nililokuwa nikitumia lilikuwa wakia 10, zenye thamani ya dola 20,000 hivi, na mimi akaunti yangu nzima ilikuwa dola 390 hivi. Pengo linajazwa na kampuni kwa mkopo. Wao wanauita levareji, na kwangu ulikuwa mara 100. Wakia moja ikipanda dola moja, mimi napata dola 10. Ikishuka dola moja, nazipoteza 10. Kumbuka dhahabu kupanda au kushuka dola 20 kwa siku ni jambo la kawaida kabisa, na mwendo huo kwa wakia 10 ni dola 200, nusu ya akaunti yangu.

Agosti nilipata. Ijumaa ya kwanza ya mwezi Marekani hutoa takwimu za ajira, na kwa saa za huku wakati huo wa mwaka ni saa tisa na nusu alasiri. Niliingia dakika mbili kabla, nikatoka na shilingi 9,000. Mwezi uliofuata nilijaribu vilevile. Dakika ileile tofauti kati ya bei ya kununulia na ya kuuzia, ile wanayoiita spredi, ikatanuka mara kadhaa, nikaanza na hasara kabla bei haijasogea. Spredi ni sehemu ya mapato ya kampuni, na inaweza kutanuka wakati ambapo wewe unataka iwe nyembamba. Hilo hakuna aliyeniambia.

Sasa niende kwenye siku yenyewe. Jumatatu tarehe 4 Desemba 2023 dhahabu iliamka na bei ambayo dunia haikuwahi kuiona, zaidi ya dola 2,130 kwa wakia, ikateremka muda mfupi baadaye. Nilipotoka msikitini alfajiri nikaiona iko kwenye dola 2,080 na ushei. Nikajiambia imepumzika, itapanda tena. Nikanunua wakia 10 na nikaenda kazini. Mchana ikawa inateremka. Ilipofika dola 2,050 hivi, simu ikalia: nafasi yako (yaani lile dau) imefungwa. Dola 390 zilikuwa zimebaki kama 100. Sikuuza mimi. Programu iliniuzia, kwa sababu dhamana yangu, yaani pesa yangu iliyobaki, haikutosha tena kubeba mkopo, na usiku ule bei iliteremka zaidi, ikakaribia 2,020.

Linaloniuma ni hili: nilikuwa sahihi. Machi 2024 dhahabu ilipita dola 2,200. Nilichobashiri kilitokea, lakini mimi nilikuwa nimeshatolewa miezi mitatu nyuma. Ningekuwa na wakia hata nusu ya dhahabu ya kushika mkononi, ningeteremka nayo hadi 2,020 na kupanda nayo tena, wala asingekuwapo mtu wa kuniuzia.

Mama yangu anayo. Ana bangili nne alizonunua kwa masonara wa Mji wa Kale, moja moja, baadhi kabla sijazaliwa. Jioni ile nilipomweleza, hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mwanangu, hiyo dhahabu yenyewe i wapi?" Nikakosa jibu. Siku ile bei ya bangili zake ilishuka sawasawa na yangu, naye hakujua wala hakuhitaji kujua.

Baadaye nilisoma kwamba biashara hii ilizaliwa na swali hilohilo. Mwaka 1974, wakati Waingereza hawakuwa huru kununua dhahabu wapendavyo, Stuart Wheeler alianzisha IG Index mjini London ili watu wabashiri bei ya dhahabu bila kuinunua. Mpaka leo Waingereza wanaiita kubeti kwa spredi. Binamu yangu aliyeko Leicester anayo akaunti ya namna hiyo. Yeye haweki idadi ya wakia, anaweka pauni kwa kila pointi: pauni 5 kwa pointi, faharasa ya FTSE 100, kipimo cha bei za hisa za kampuni kubwa za London, ikimgeuka kwa pointi 80, amepoteza pauni 400. Faida yake haitozwi kodi ya faida ya mtaji kwa sababu sheria ya kule inaihesabu kuwa ni kamari, japo msimamizi wake ni mamlaka ya fedha, FCA. Kwake yeye kuna uzio. Levareji ya dhahabu haivuki mara 20, na mteja wa kawaida hawezi kudaiwa zaidi ya alichoweka. Kampuni pia inalazimika kutangaza ni asilimia ngapi ya wateja wake wanapoteza. Mwaka 2018 wasimamizi wa Ulaya walipochunguza biashara ya mikataba ya tofauti ya bei, ambayo ndiyo niliyokuwa nikifanya, walikuta akaunti kati ya asilimia 74 na 89 zinapata hasara. Programu yangu ilikuwa tayari kunipa levareji ya mara 500, na onyo lake lilikuwa kwa herufi ndogo chini kabisa ya ukurasa.

Uzio huo haukuwekwa bure. Tarehe 15 Januari 2015 benki kuu ya Uswisi iliacha ghafla kuizuia faranga isipande dhidi ya yuro. Bei iliruka kwa dakika chache, watu wakaamka wanadaiwa pesa ambazo hawakuwahi kuziweka, na kampuni ya Alpari ya Uingereza ikafilisika. Kikomo cha hasara ulichokiweka, yaani agizo la kukutoa bei ikifika mahali fulani, hakikusaidii bei inaporuka juu yake.

Kuna na jambo la dini, na kwetu Mombasa huwezi kulizunguka. Kila nafasi inayolala usiku hutozwa riba ya ule mkopo. Programu ina "akaunti ya Kiislamu" isiyo na riba, nikaifungua nikiwa na moyo mtulivu. Kisha nikagundua kwamba baada ya siku chache inatozwa "ada ya usimamizi" kwa kila usiku. Nilimpelekea maalim wetu suala hili. Hakuanza na riba. Aliuliza nimenunua mali gani, na nani ameipokea. Nilipomaliza kueleza, mwenyewe nilikuwa nimeshajua jibu lake.

Kutoa kile kilichobaki kulichukua siku sita, na picha ya kitambulisho mara tatu. Huduma kwa wateja ni ya kuandikiana kwa Kiingereza tu. Nilipotafuta jina la kampuni katika orodha ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji ya hapa Kenya, halikuwamo. Leseni yake ilikuwa ya kisiwa ambacho singeweza kwenda kushtaki. Orodha ile iko wazi kwenye tovuti ya mamlaka. Ningeitazama Julai, kwa dakika tano.

Hisa ninazo pia, na sitaki mtu adhani nasema hazina hatari. Mwaka 2022 nilinunua hisa 400 za benki moja kwa shilingi 50, jumla 20,000, na dalali akakata kama asilimia 2. Zilishuka hadi 36. Ni hasara ya zaidi ya robo, na niliihisi. Lakini hakuna aliyenipigia kunifungia. Gawio lilikuja, shilingi 4 kwa hisa, nikapata 1,520 baada ya kodi ya asilimia 5. Ningeweza kusubiri, kwa sababu sikukopa.

Kusubiri nako kuna mpaka wake. Safaricom iliuzwa kwa shilingi 5 mwaka 2008, ikaanguka hadi chini ya 3, ikavuka 40 mwaka 2021, na 2023 ikawa chini ya 15. Aliyenunua 2008 na aliyenunua 2021 wana hisa ileile na hadithi mbili tofauti. Mumias Sugar iliingia chini ya mrasimu, msimamizi anayewekwa kwa ajili ya wadai, mwaka 2019, na mwenye hisa ndiye wa mwisho kwenye foleni ya wanaolipwa. Hisa za Kenya Airways zilisimamishwa kuuzwa Julai 2020 zikarudi sokoni Januari 2025, na muda wote huo mwenye nazo hakuweza kuziuza hata akiwa na mgonjwa hospitali. Kwa hiyo hisa inaweza kukumalizia ulichoweka, chote. Haiwezi kukufuata nyumbani kwa zaidi ya hapo.

Kwa programu, natoa nyota moja kati ya tano, na hiyo ni ya wepesi wake. Ada ya shule niliilipa kwa kukopa sacco, na nilimaliza deni Agosti 2024. Zile shilingi 15,000 na kitu zilizorudi nilimpa mama azitunze. Aliziongezea zake akanunua pete, na Idi aliivaa.